Nani alipokea kazi ya mutaro wetu?
Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa Bagira, Bukavu



Hatukuja na maneno mengi. Tumekuja kuongea juu ya mutaro ule wa nyuma ya nyumba, kwa sababu mvua inarudi mwezi wa tisa, na chini yake kuna watoto wanaolala.

Wazee, munajua historia kuliko sisi. Bagira ilijengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, OCA, ofisi ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1952 kwa kujenga nyumba za Waafrika mijini. Leo kila mutu anajitengenezea nyumba yake: unabadilisha manjanja, unaongeza chumba, unapaka rangi. Lakini mutaro hauna mwenyewe mumoja. Kuutengeneza ni kazi ya serikali, na serikali inaipatia kampuni.

Hatukatai kampuni. Komine haiwezi kuwa na fundi wa kila kitu. Tunachokataa ni kazi ambayo hakuna mutu wa kuijibia.

Muliona wenyewe. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi. Mvua za kwanza tu, saruji ikatoka kama unga. Tukaenda kuuliza. Ofisi ya kwanza ikatutuma kwa ya pili. Ya pili ikasema tuulize kampuni. Tulipomupata fundi, akatuambia: «Miye nililipwa na mutu ambaye alilipwa na mutu mwingine. Walinipa mifuko kidogo ya saruji, nikafanya na ile iliyokuwako.» Huyo fundi hatumulaumu. Lakini pesa ilipita mikono ngapi, na kila mukono ulibakisha ngapi? Hakuna karatasi ya kutujibu.

Sheria ziko. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya nyumba inayofaa, maji safi na umeme. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, juu ya masoko ya serikali, yaani kazi zinazolipwa na pesa ya watu wote, inataka ushindani na uwazi. Tena kazi ya ujenzi ya namna hii inapokelewa mara mbili: siku inapoisha, na tena kisha muda wa garanti. Kilema kikionekana katikati, kampuni inarudi kutengeneza kwa pesa yake yenyewe.

Basi tunauliza: mutaro wetu, nani aliupokea? Alisimama hapa siku gani? Aliweka sahihi akiangalia nini?

Tunaomba mambo matatu:

1. Kila shantie iwe na kibao: jina la kampuni, bei, siku za kazi, muda wa garanti.
2. Kampuni ikipatia ingine kazi, jina la hiyo ingine liandikwe pia.
3. Kazi isipokelewe bila shefu wa avenue na wakaaji wawili ambao avenue imewachagua.

Na sisi vijana je? Wengi wetu tulisoma ujenzi, sheria, uchumi, na tunakaa nyumbani na diplome. Hapa hatuombi mushahara. Tutapima urefu na kina cha mutaro, tutahesabu mifuko, tutapiga picha kila juma, na tutawaonyesha ninyi kwanza.

Lakini tuambiane ukweli. Nani anatupa sashe ndani ya mutaro? Nani amejenga jikoni juu yake? Tukinyamaza juu ya hayo, kampuni itakuwa na sababu ya kusema si kosa lake. Kwa hiyo siku ya posho tunafanya salongo, saa mbili asubuhi. Kuja na jembe, kuja na chepeo.

Barua iko hapa mezani. Siku ya kwanza tutaipeleka. Usiweke sahihi kwa kutufurahisha: soma kwanza. Asiyejua kusoma, tutamusomea polepole mpaka aelewe.

Tuko pamoja.