Jina Lililo Bafuni Mwako



Leo mkirudi nyumbani, tazameni choo na sinki la bafuni. Katika nyumba nyingi mtakuta neno Gustavsberg. Si jina la mwenye nyumba. Ni mji mdogo ulioko Värmdö, mashariki ya Stockholm, na kiwanda chake cha vyombo vya udongo kilianza mwaka 1825. Tangu 1839 alama yake ni nanga. Geuzeni sahani kuukuu za madukani kwa vitu vilivyotumika, mtaiona.

Kiwanda kile kilikuwa mali ya ukoo. Samuel Godenius alikimiliki, kisha mkwewe Wilhelm Odelberg akakiongoza kuanzia 1869. Ujuzi mwingi ulitoka Uingereza: udongo, makaa ya mawe, hata mafundi. Kutoka huko walijifunza kuchanganya majivu ya mifupa na udongo, wakapata kaure nyeupe, nyembamba na ngumu. Ukoo wa Odelberg ulishika usukani hadi 1937, ulipouza kwa KF, ushirika ule ule wenye maduka ya Coop. Vyoo na masinki vilifuata baada ya hapo.

Mfanyakazi wa Odelberg aliishi katika nyumba ya kiwanda, na bosi wake ndiye aliyekuwa pia mwenye nyumba wake. Nyumba zilikuwa nzuri kwa wakati ule. Lakini sisi tuliokaa kambini tunalijua jambo hili: mkono mmoja ukikupa paa na riziki, mdomo unakuwa mzito kudai haki.

Kwa hiyo, mtu akikuletea kazi pamoja na chumba, usikatae, ila omba karatasi mbili: mkataba wa kazi, yaani anställningsavtal, na mkataba wa nyumba, yaani hyresavtal. Soma ni nini kitatokea kwa chumba ukiacha kazi. Usiposoma vizuri Kiswidi, usitie sahihi kwanza. Njoo nayo ofisini tuisome pamoja.

Na siku ya mapumziko wapelekeni watoto Gustavsberg. Pandeni pendeltåg hadi Stockholm, kisha basi kutoka Slussen. Makumbusho ya kaure yapo karibu na bandari. Akina mama mliofinyanga vyungu nyumbani, nendeni nanyi. Kazi ile mtaitambua bila mkalimani.