Makabidhiano ya Zamu

Hotuba iliyotolewa Juba mbele ya askari wa vituo na wajumbe wa kamati za uhusiano wa polisi na jamii



Nimeombwa nizungumze juu ya mahusiano mema kazini. Mada hii aghalabu husemwa kwa maneno matamu, watu wakapiga makofi, kisha kila mmoja akarudi mezani kwake na kinyongo kilekile alichokuja nacho. Kwa hiyo nitaanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa askari kijana katika kituo ambacho sitakitaja. Tulikuwa watatu tuliopokezana zamu za kaunta. Mwenzetu mmoja alikuwa polisi tangu enzi za serikali ya Khartoum. Aliijua sheria, na Kiarabu alikiandika kwa mwandiko wa kupendeza. Wa pili alitoka msituni, mpiganaji aliyeingizwa katika polisi baada ya Mkataba wa Amani wa 2005. Kusoma kulimpa taabu, lakini hapakuwa na mtu mtaani asiyemfahamu. Mimi nilikulia kambini Kakuma, nchini Kenya, nikarudi na Kiswahili na Kiingereza cha shule. Wa kwanza alimwona wa pili mjinga. Wa pili alimwona wa kwanza msaliti. Nami nilijiona nimeelimika kuwapita wote wawili. Hatukugombana kwa sauti. Tuliacha tu kusalimiana.

Jioni moja mama mmoja alifika kutoa taarifa kwamba mwanawe wa miaka sita amepotea sokoni. Aliyempokea ni mwenzetu wa kwanza. Kitabu cha matukio kilikuwa kimefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao yule wa pili. Badala ya kumwomba, aliandika taarifa kwa Kiarabu katika kipande cha karatasi, akakiweka chini ya chupa ya maji juu ya meza, akaenda zake. Usiku mwendesha bodaboda alimleta mtoto aliyemkuta akilia kando ya barabara. Mwenzetu wa pili alimpokea kwa huruma, akampa uji, akamlaza katika chumba cha nyuma. Karatasi hakuishughulikia, na lau angeitazama, asingeweza kuisoma. Alfajiri nikashika zamu mimi. Mimi karatasi niliiona. Sikukijua Kiarabu cha kuandikwa, na nilikuwa na kiburi cha kutouliza. Wala sikuuliza ni nani amelala chumba cha nyuma.

Kulipopambazuka mama yule alirudi, akaketi chini ya mwembe mbele ya kituo. Nilimwambia asubiri. Alisubiri hadi adhuhuri, hatua chache tu kutoka alipokuwa mwanawe, ukuta mmoja kati yao. Aliyewakutanisha hakuwa polisi. Alikuwa mwuza chai wa langoni, ambaye alimpelekea mtoto andazi, akamtazama usoni, akamkumbuka mama anayelia nje. Mama hakutulaani. Alituuliza tu, "Hivi ninyi mnafanya kazi katika nyumba moja?"

Ndugu zangu, sikuhitaji kumpenda mwenzangu ili mtoto yule arudi kwao mapema. Nilihitaji kumwuliza karatasi hii inasema nini.

Nasema hivi kwa sababu jeshi letu la polisi halikuzaliwa na mama mmoja. Waliokuwa pande mbili za vita waliunganishwa baada ya 2005. Na tena, baada ya mkataba uliotiwa saini Septemba 2018, vikosi vya pamoja, polisi wakiwamo, vilifuzu hapa Juba tarehe 30 Agosti 2022. Watu waliowahi kulengana kwa bunduki walipewa sare moja. Sare huvaliwa kwa siku moja. Mazoea ya kuulizana huchukua miaka, na vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mkuu wa kituo anayengoja askari wake wapendane kwanza ndipo wafanye kazi atangoja sana. Awape kwanza jambo la kufanya pamoja kila siku.

Katika kituo nilichokuja kukiongoza baadaye, jambo hilo lilikuwa makabidhiano ya zamu. Anayetoka na anayeingia husimama mbele ya kitabu, na kila tukio husomwa kwa sauti, kwa Kiarabu cha Juba ambacho wote wanakielewa. Asiyejua kuandika husimulia, mwenzake huandika, kisha humsomea alichoandika. Ufunguo hukaa kituoni, hauendi nyumbani na mtu. Mwanzoni walinung'unika kwamba nawafanya watoto wa shule. Lakini ni vigumu kumnunia mtu ambaye kila jioni anakusomea maneno yako mwenyewe. Nilikataza pia kumkaripia askari mbele ya raia; kosa husahihishwa ndani, mlango ukiwa umefungwa. Na mshahara unapochelewa, jambo mnalolijua nyote, nataka nijue ni nani amekuja kazini kwa miguu na njaa kabla sijamwita mvivu.

Sasa nigeukie upande wa raia, mniwie radhi. Nanyi hutuvunja. Mtu huingia kituoni, huipita kaunta, humtafuta askari wa kabila lake na kumnong'oneza shauri lake pembeni. Taarifa hiyo haiingii kitabuni. Askari huyo akienda likizo, shauri limekwenda naye. Mpe taarifa yeyote aliye zamu, kisha mwombe akusomee alichoandika. Ni haki yenu, wala askari mwema haichukii.

Mpakani jambo hili ni zito zaidi. Mzigo utokao Mombasa huvuka Uganda na kuingia kwetu Nimule. Kule Elegu, upande wa pili, kimejengwa kituo cha pamoja, kwa wazo kwamba maofisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja ili msafiri asimame mara moja badala ya mbili. Aliye meza ya jirani havai bendera yako, hana mkubwa mmoja nawe, huwezi kumwamuru. Unaweza kumwuliza tu, na mara nyingi Kiswahili ndicho kitakachowakutanisha. Mwaka 2021, baada ya madereva kuuawa kwa kuviziwa katika barabara zetu, wenzao waligoma kuingia, malori yakapanga foleni Elegu. Mwanakijiji akileta habari jioni kwamba ameona watu wenye silaha kichakani, habari hiyo imfikie askari wa alfajiri kabla lori la kwanza halijaondoka. Ikibaki chini ya chupa ya maji, dereva atakwenda asijue.

Mwuza chai yule bado anauza chai langoni. Kamati ya mtaa huo ilimchagua awe mjumbe, na tangu hapo kila akija mkutanoni huanza kwa kuomba asomewe kitabu. Naona leo yumo katika safu ya mbele na mkono umekwisha kuinuka. Basi nimwachie nafasi.