AJALI INA KINGA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya usalama wa barabarani na penye reli. Pengine wako watakaouliza, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na barabara? Kazi yake si mishahara, likizo na malipo ya uzeeni? Ni kweli, ndugu. Lakini mshahara ulioongezwa haumfai mtu aliyekufa njiani akienda kuupokea. Kila mmoja wetu amekuja hapa kwa miguu, au kwa matatu, au kwa bodaboda, au kwa gari la moshi. Na katika kila mwaka tangu 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Kundi lililo kubwa katika hao ni la waendao kwa miguu, yaani watu kama sisi.

Watu wakisikia habari za ajali hutikisa kichwa, wakasema, "Ajali haina kinga." Sisi watu wa reli hatuwezi kulikubali neno hilo. Tazameni kazi yetu wenyewe. Dereva wa gari la moshi haondoki stesheni kwa sababu macho yake yaona njia ni nyeupe. Huondoka akiwa na ruhusa. Ruhusa ikitolewa kwa redio, anayeipokea huirudia neno kwa neno, na aliyeitoa husikiliza kama ndiyo aliyoisema. Kabla ya safari breki hujaribiwa. Mambo hayo hayakuwekwa kwa kuwa watu wa reli ni wabaya au wajinga. Yaliwekwa kwa kuwa kila mtu, hata mwenye uzoefu wa miaka 20, husahau, huchoka, hushikwa na haraka, na hudhani ameona asichokiona. Hiyo ndiyo tabia ya binadamu. Reli iliijua tabia hiyo zamani, ikaijengea boma. Barabarani twaiacha itembee ovyo, kisha twamlaumu Mungu.

Basi, tuseme juu ya mambo manne.

La kwanza ni haraka. Kutoka Nairobi mpaka Nakuru ni kama kilomita 160. Sheria yasema gari la abiria lisipite kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, bila kusimama popote, safari ni saa 2. Dereva akikanyaga mpaka 100 atafika kwa saa 1 na dakika 36. Amepata dakika 24, na lori moja linalopanda mlima polepole mbele yake laweza kumnyang'anya zote. Sasa tazameni alicholipa. Kwa mwendo wa 80 gari hula mita 22 kila sekunde moja. Kwa 100 hula karibu mita 28. Na likigonga, nguvu yake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya 80. Mtoto akikatiza barabara, mita hizo ndizo zitakazoamua kama atafika nyumbani au hatafika. Hiyo si biashara ya mtu mwenye akili.

La pili ni mazoea. Dereva amevuka reli mahali fulani mara mia bila kukutana na gari la moshi. Mara ya mia na moja hatazami tena. Wengine wadhani kwamba dereva wa gari la moshi akiliona basi atasimama, au atakwepa. Ndugu, gari la moshi halina usukani wa kukwepa. Na gari zito la mizigo likiwa katika mwendo wake laweza kwenda kilomita nzima baada ya breki kukazwa. Dereva hana la kufanya ila kupiga honi na kutazama. Asubuhi moja ya Oktoba 2013, basi liligongwa na gari la moshi pale Mutindwa, Nairobi, na watu zaidi ya kumi wakafa. Wengi walikuwa wakienda kazini. Agosti 2025, karibu na Naivasha, basi lililobeba wafanya kazi liligongwa vile vile, na wenzetu wakapotea. Hatusimami hapa kuhukumu nani alikosa. Twasema tu kwamba mahali barabara inapokata reli, kusimama na kutazama pande zote mbili kwachukua dakika moja tu.

Wala tusiwatazame madereva peke yao. Sisi pia twatembea juu ya reli kama kwamba ni uchochoro wa nyumbani. Pale Kibera njia ya reli imekuwa soko na njia ya watu. Kijana hutembea katikati ya vyuma amejaza masikio vifaa vya simu, na honi inalia nyuma yake. Wenzetu waendeshao magari hayo huona mambo ambayo hawayasahau maisha yao yote. Na hao pia ni wanachama.

La tatu ni uchovu. Wataalamu wamepima jambo hili, nao wameona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe katika damu kwa kiasi ambacho nchi nyingi humkataza kuendesha gari. Sasa wako madereva wa matatu wanaoanza saa kumi na nusu ya alfajiri na kuweka gari saa nne ya usiku. Hesabuni wenyewe. Sheria ya Trafiki ya Kenya yasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kwa nini basi dereva huyo haendi kulala? Kwa sababu jioni lazima ampelekee tajiri hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe, na kinachobaki ndicho chake na utingo wake. Kila safari ya ziada ni unga wa watoto. Mwambie mtu kama huyo apunguze mwendo, naye atakusikia kwa masikio, lakini tumbo halina masikio.

Hapa, ndugu, ndipo penye shauri la chama. Ni kweli kwamba ajali nyingi zatoka katika tabia za watu. Lakini tabia haianguki kutoka mbinguni. Mtu anayelipwa kwa kukimbia atakimbia. Mtu anayefanyishwa zamu mbili mfululizo atasinzia, na mahubiri hayatamwamsha. Anayetaka kuitengeneza tabia ya dereva na atengeneze kwanza mshahara wake na saa zake za kazi. Sisi wa reli twayajua mapumziko kati ya zamu. Tusikubali yapunguzwe hata saa moja, hata tukiahidiwa malipo ya ziada, na tuwaunge mkono madereva wa barabarani wanaodai kama hayo.

La nne ni kunyamaza. Gari linakwenda mbio, abiria kumi na wanne wameshika viti, kila mmoja anaomba kimoyomoyo, na hakuna asemaye neno. Kila mtu angoja mwenziwe aanze. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika ndani ya matatu za safari ndefu za hapa Kenya karatasi za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekwenda vibaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika magari yale madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Hakuna askari aliyeongezwa, wala barabara mpya. Watu walifungua vinywa tu. Baadaye ndipo likaja lile neno "Zusha!" ambalo wengi wetu tumeliona katika magari. Ndugu, sisi tumezoea kusema kwa sauti moja mbele ya tajiri. Tutashindwaje kusema kwa sauti moja ndani ya matatu?

Kwa hivyo twaomba mkutano huu ukubali mambo haya. Kwanza, kila mwanachama aliye ndani ya gari linaloendeshwa vibaya aseme, na mwanachama mwingine aliyemo asimwache aseme peke yake. Pili, atakayepanda bodaboda adai kofia, na kama hakuna kofia angoje nyingine. Tatu, asiwepo mwanachama atakayetembea katikati ya reli, hata kama ndiyo njia ya mkato ya kwenda kazini, maana watoto wa mtaa watutazama sisi kwanza. Nne, makatibu waandike orodha ya kila mahali ambapo barabara inakata reli na hapana lango, au taa, au mtu wa kulinda, na chama kiipeleke kwa wahusika na kudai jibu la maandishi. Tano, wenzetu wanaotoka zamu usiku wa manane wadaiwe usafiri. Si haki mtu aliyefanya kazi usiku kucha aachwe gizani kando ya barabara kuu.

Wazee walisema, mwenda pole hajikwai. Sisi twaongeza kwamba anayelazimishwa kukimbia hawezi kwenda pole, na kazi ya chama ni kuhakikisha kwamba hapana anayelazimishwa. Kinga ya ajali ipo, ndugu. Sehemu moja iko mikononi mwetu, na ile nyingine twaidai.

Mfike salama makwenu.