MAZUNGUMZO JUU YA UANAGENZI: FUNDI MWENYE UJUZI ASIYE NA CHETI



Leo napenda kuwapeleka Bara, katika kijiji cha Issuna, Wilaya ya Ikungi, kilichopo kwenye barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Mkoa wa Singida ni nchi ya alizeti. Na penye alizeti pana mashine za kukamua mafuta, na mashine haziendi bila ya fundi.

Fundi huyo aghalabu hakupita chuoni. Amejifunza kwa kumshikia spana mkubwa wake. Husikia kwa sikio kwamba parafujo ya kukamulia imelika, na akiyafikicha mashudu hutambua kuwa mafuta yamebaki ndani. Ujuzi huo si wa kudharauliwa. Lakini mpe injini izungukayo mara 1,500 kwa dakika, yenye puli ya sentimita 10, kisha umwulize: tukifunga puli ya sentimita 30 kwenye mashine, itazunguka mara ngapi? Jawabu ni 500, hesabu ya skuli ya msingi. Asiyefundishwa hubahatisha, na hasara ni ya mwenye mashine, pengine aliyekopa fedha kuinunua.

Kwa Bara, Sheria Namba 1 ya 1994 iliunda VETA, ambayo huwapima mafundi wa namna hii, huwaongezea palipopungua na kuwapatia cheti. Jambo hilo huitwa urasimishaji wa ujuzi. Kwetu Visiwani tunayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa Sheria Namba 8 ya 2006, pamoja na vituo kama vile Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Mradi unapotaka mafundi wenye vyeti, kijana aliyefanya kazi gereji miaka kumi huachwa nje, na kazi akapewa mwingine ambaye pengine hamfikii kwa mkono.

Linalosikitisha zaidi ni mwanagenzi asiye na maandishi yoyote. Hufagia, huosha vyuma, hutumwa chai, na mwaka wa tatu hajui amefundishwa nini wala atamaliza lini. Mtoto wa chuoni hujua juzuu aliyofikia, huyu hajui.

Hivyo basi, wenye karakana wanaombwa waandikiane na mzazi, kabla kijana hajaanza: kazi atakazofundishwa, muda wake, posho na vifaa vya kujikinga. Wazazi nao wasione haya kuuliza.