Huyu ni Binti Yangu

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Esta 2:5–11; Warumi 8:14–17

Leo twataka tuzungumze juu ya neno ambalo Mtume Paulo alilitumia mara kadhaa, nalo ni kufanywa wana. Tumelisikia kanisani hata tumelizoea. Lakini neno hilo likija kwetu nyumbani, katika mtoto ambaye hatukumzaa, ndipo tujuapo kama tumeliamini au sivyo.

Tuanze na Hadassa, ndiye Esta. Baba yake na mama yake walikuwa wamekufa, naye aliishi ugenini, chini ya mfalme wa Uajemi. Mordekai, jamaa yake, akamtwaa akawa binti yake. Biblia haituambii Mordekai alikuwa na mali gani. Yatuambia jambo dogo tu: msichana alipochukuliwa kwenda nyumba ya mfalme, Mordekai alipita kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua hali yake. Kila siku! Hayo ndiyo matendo ya baba. Naye Esta, hata baada ya kuvikwa taji, aliendelea kumtii Mordekai kama zamani alipokuwa akilelewa naye. Wahenga wetu hawakukosea waliposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Hayo tumeyaona hapa kwetu pia. Katika kanisa letu palikuwa na fundi mmoja wa cherehani. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Wakamchukua msichana wa miaka mitano kutoka makao ya watoto, wakafuata taratibu zote za mahakama, akawa wao. Miaka ikapita, mama akatangulia, kisha mzee naye akaitwa na Bwana. Jioni moja ya matanga, wasifu wa marehemu ulipokuwa ukiandikwa, jamaa mmoja akasema mbele ya wote kwamba isiandikwe ameacha mtoto, kwa kuwa hakuacha damu yake. Wengine wakanyamaza. Kunyamaza kwao kulimwumiza yule binti kuliko maneno yaliyosemwa.

Hakugombana na mtu. Aliingia ndani, akatoka na daftari la vipimo la baba yake, lile ambamo fundi huandika kifua, kiuno, mabega na urefu wa wateja. Kila mteja aliandikwa kwa jina lake. Lakini kurasa za kwanza hazikuwa za mteja. Juu yake yaliandikwa maneno mawili tu: binti yangu. Chini vilifuatana vipimo vya kila Krismasi, mwaka baada ya mwaka, tangu rinda la mtoto wa miaka mitano hata gauni la arusi. Akawaambia wazee, "Baba zangu, sikuja kudai shamba. Nawaomba tu msimfanye baba yangu kuwa mwongo, naye hayupo kujitetea."

Kaka mkubwa wa marehemu alilitazama daftari lile kwa muda mrefu. Kisha akaomba kalamu, akaandika kwa mkono wake kwamba marehemu ameacha binti mmoja. Na siku ya maziko binti huyo ndiye aliyetangulia kutia udongo kaburini.

Ndugu wapendwa, yule binti alisema kweli. Mtu amwasilipo mtoto, atoa neno mbele ya Mungu na mbele ya watu. Anayelifuta neno hilo baada ya mazishi amvunjia marehemu heshima. Tena sheria yetu haimruhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yasema kwamba mahakama ikishatoa amri ya kuasili, mtoto ahesabiwa sawasawa na aliyezaliwa na wazazi wale katika ndoa yao. Hivyo basi, hata shamba ambalo binti yule hakulidai, urithi wake ulikuwa haki yake.

Na Paulo asema nini? Awaambia Warumi kwamba tukiwa watoto, basi tu warithi pia, warithi pamoja na Kristo. Mungu hana watoto wa sebuleni na watoto wa jikoni. Sisi sote tuliingia nyumbani mwake kwa kufanywa wana. Hakuna aliyeingia kwa damu ya ukoo wake. Hata Mwokozi wetu alilelewa na Yusufu, seremala wa Nazareti, ambaye hakumzaa. Malaika alimwagiza Yusufu ampe mtoto jina, naye akampa. Mathayo ataja ukoo wa Bwana wetu tangu Ibrahimu na Daudi, akifika kwa Yusufu. Basi nani kati yetu atathubutu kusema kwamba baba mlezi si baba?

Twawaachia mambo matatu ya kutenda.

Kwanza, wenye nafasi nyumbani na moyoni, msiogope. Nendeni kwa afisa wa watoto au kwa chama cha kuasili kilichosajiliwa. Huko wataichunguza nyumba yenu, mtakaa na mtoto kwa muda wa majaribio, kisha mahakama itaamua. Mtu asichukue mtoto kwa mapatano ya siri wala kwa fedha; hilo ni kosa, na mtoto ndiye atakayeumia baadaye.

Pili, tusiokuwa na nafasi hiyo, tuwasaidie walio nayo. Mama akijifungua, akina mama wa kanisa humwendea na uji, nguo na maombi. Mama aliyeasili naye atembelewe vivyo hivyo. Amepata mtoto!

Tatu, tuulinde ulimi. Maneno kama "huyu waliokota tu" husemwa upesi, lakini mtoto hukaa nayo miaka mingi. Akiulizwa na mwenziwe shuleni ni wa nani, na awe na jibu ambalo kijiji kizima kitalithibitisha.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa yatima, twakushukuru kwa kuwa ulitufanya wana wako, nasi hatukustahili. Uwafariji wote wanaowalilia wazazi waliowalea. Ufungue nyumba zetu, uwape watoto walio peke yao baba na mama, nasi ututoe katika ugumu wa moyo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.