Igeuze Kabla ya Kuikata

Leo nataka tuzungumze juu ya postikadi za kale. Najua wapo watakaosema mtangazaji kakosa la kusema, lakini nivumilieni.

Siku hizi umeingia ufundi wa kubandika picha za zamani juu ya sinia za mbao, fremu za vioo na majalada ya daftari, kisha kupaka vanishi. Wageni wanapenda, nasi tunapata riziki. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Ugomvi wangu ni na mkasi.

Postikadi ilianza Austria-Hungaria mwaka 1869. Huku kwetu, kina A. C. Gomes, wapiga picha wenye asili ya Goa, walizitoa Unguja. Na Dar es Salaam enzi za Mjerumani alikuwapo Walther Dobbertin. Mpelekaji alibandika stempu yenye picha ya meli ya Kaisari, bei yake ikitajwa kwa hela. Ndiyo hela hiyohiyo iliyotuachia neno tunalolililia kila mwisho wa mwezi. Picha nyingi za Dobbertin leo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Sisi zetu tunazipakulia chai juu yake.

Shida ya picha hizi ni kwamba mnunuzi alikuwa Ulaya. Mwenye sura hakuandikwa jina. Aliandikwa kabila, tena pengine si lake.

Nilipokuwa Mbesa, mkoani Ruvuma, seremala mmoja alinionyesha kadi aliyoikuta ndani ya kitabu kikuukuu: mwanamke amesimama na mtungi, na chini maneno ya Kijerumani yanayosema ni Myao. Alipita bibi mmoja wa jirani, tukamwamkia, akaiomba. Aliitazama kitambo.

"Nani kasema huyu Myao? Hamwoni mwezi huo kwenye paji? Huyu Mmakua, wajukuu zangu. Mama yake mama yangu alikuwa nao."

Chale ya mwezi mwandamo kwenye paji kweli ilikuwa nembo ya Wamakua. Bibi yule hajui Kijerumani, lakini amesahihisha kadi iliyodanganya kwa miaka mia. Na fundi alikuwa ameshachora mstari wa penseli pa kukatia, ukipita juu ya paji hilohilo, kwa kuwa fremu yake ilikuwa ndogo.

Basi kabla ya mkasi, igeuze. Kama nyuma nafasi yote ni ya anwani, na salamu zimebanwa mbele kando ya picha, kadi hiyo ya Kijerumani yaelekea ilichapwa kabla ya 1905; baada ya hapo nyuma iligawanywa kwa mstari. Soma muhuri wa posta. Ukiona Sphinxhafen usidhani ni Ujerumani. Ndiyo Liuli yetu ya ziwani.

Kisha toa fotokopi ya rangi, ukate hiyo. Fotokopi ni bora hata kwa kazi yenyewe, maana wino wake hautambai ukipakwa gundi ya maji, tofauti na ule wa printa ndogo za nyumbani. Kadi yenyewe itie ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na mchwa na unyevu, wala usiiguse na selotepu. Aliyosema mzee yaandike nyuma kwa penseli laini, pamoja na tarehe.

Fundi wa Mbesa alisafiri hadi mjini kutoa nakala. Nauli ilimuuma, lakini kadi moja sasa imemzalia sinia sita, na yule mama ana paji lake zima.

Wengine mmeshaanza kuniuliza bei za kadi zenu. Mwenye kadi ya Songea, Tunduru au Liuli asiniletee mimi kwanza. Amtafute mzee wa huko, wakae naye mchana, penye mwanga.