Maji ya Kutu

  Huenda wengine wenu mnakunywa chai, na wengine mnafunga viatu kwenda kazini. Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilotajwa sana katika mazungumzo ya namna hii, nalo ni maji yaliyo ndani ya rejeta ya gari. Hata kama huna gari, ndugu msikilizaji, kaa nasi. Habari hii ni yetu wenyewe, na si ya kujisifu.

Kanisa letu lina pikapu moja kuukuu. Ndiyo ibebayo mchanga wa ujenzi, viti vya arusi, majeneza na wagonjwa. Kijana anayeiendesha alitujia sisi wazee wa kanisa mara tatu akasema, "Wazee, maji ya rejeta yamekuwa mekundu kama udongo. Tuyamwage, tuoshe injini, tutie kulanti." Mara tatu tulimjibu, "Ongeza maji, kijana. Gari si linatembea?"

Fedha hazikukosekana. Akina mama walikuwa wamechanga kwa ajili ya matengenezo ya injini. Lakini wageni walikuwa wakija kwa harambee, nasi tuliona vema gari lipakwe rangi mpya, na jina la kanisa liandikwe milangoni kwa herufi kubwa. Likang'aa kweli kweli. Wageni walilisifu.

Kisha usiku mmoja tuliitwa kumchukua mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa huko Mai Mahiu, tumpandishe hospitalini kule juu. Wanaoijua barabara ile ipandayo ukingo wa Bonde la Ufa wanajua ilivyo kali. Hatukufika mbali. Karibu na lile kanisa dogo walilolijenga wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka wa 1942, mshale wa joto ulikuwa umekwisha kuingia penye rangi nyekundu, na mvuke ukafunika kioo. Mama yule alikuwa amelala nyuma juu ya godoro, ameshikwa mkono na mama mkwe wake. Sisi tulisimama kando ya barabara tukiyapungia magari kwa tochi, na jina la kanisa likimetameta mlangoni.

Lori la mboga likasimama. Dereva wake hakuuliza sisi ni wa dhehebu gani. Mama alifika, mtoto akazaliwa salama, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini Jumapili iliyofuata washirika walipouliza gari lilipatwa na nini, tulijibu, "Dereva hakuangalia maji." Watu wote wakamgeukia kijana yule. Naye akanyamaza.

Tulikaa juma zima na neno lile kooni. Jumamosi kijana akatuita uani, akasema, "Fundi amepima. Gasketi ya hedi haijaungua. Njooni mnisaidie kuosha." Tukaenda. Na tuliyojifunza uani pale tunataka kuwaeleza, maana wengi wenu mnaweza kuyafanya nyumbani.

Kwanza, injini iwe imepoa kabisa. Asikudanganye mtu kufungua mfuniko wa rejeta wakati injini ina moto. Maji yaliyobanwa mle yataruka na kukuunguza uso. Wala usimwage maji baridi katika injini iliyochemka, kwa kuwa chuma chaweza kupasuka. Subiri, hata kama una haraka.

Pili, weka karai pana chini ya rejeta, fungua mfuniko wa juu, kisha fungua kizibo cha chini. Kama hakuna kizibo, legeza klipu ya mpira wa chini. Yaliyotoka katika gari letu yalikuwa mazito, rangi ya matope ya Machi mvua zianzapo. Tuliona haya kuyatazama.

Tatu, funga chini, jaza maji safi, washa injini, fungua na hita mpaka mwisho ili maji yapite kila mahali. Acha ipate moto sawasawa, kisha uzime, ungoje ipoe, umwage tena. Sisi tulidhani mara moja yatosha. Mara ya pili yalitoka kama chai ya maziwa. Mara ya tatu kama chai ya rangi. Mara ya tano ndipo tulipoona chini ya karai. Kazi ile ilichukua mchana wote, kwa sababu kila mara ni lazima kungoja ipoe.

Nne, tia kulanti. Kijana alitueleza sababu, nasi tulikuwa hatuijui. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 kule Mombasa, lakini Nairobi, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Na injini nyingi hufanya kazi katika joto la nyuzi 90 hivi. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Mfuniko wa rejeta husaidia kwa kuyabana maji. Kulanti nayo, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, huchemka kwa kiasi cha nyuzi 107 usawa wa bahari, hata kabla ya kubanwa. Tena ina dawa izuiayo kutu. Hapa kwetu hatuogopi maji kuganda kwa barafu kama Ulaya, ndiyo maana wengi wetu huona kulanti ni anasa. Adui wetu ni kutu na magadi. Tazama ndani ya birika lako, kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi. Ule ukoko mweupe ndio uzibao vijia vyembamba vya rejeta. Kwa hiyo changanya kulanti na maji yasiyo na madini, yale yauzwayo katika chupa kwa ajili ya kuongeza katika betri. Angalia tu usinunue asidi. Soma kitabu cha gari lako ujue aina inayotakiwa, wala usichanganye aina mbili kwa kufuata rangi, kwa maana nyingine zikikutana huganda kama uji.

Tano, acha mfuniko wazi, washa injini upate kuondoa hewa iliyonaswa ndani. Mapovu yatatoka na maji yatashuka. Ongeza polepole, mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yakome. Ndipo ufunge. Kesho yake, injini ikiwa baridi, angalia tena.

Na jambo moja kubwa: yale ya zamani usiyamwage uani wala mtoni. Kulanti ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa. Yafunge katika mtungi, uandike, uuweke mbali na watoto, kisha uupeleke gereji ambako hukusanya taka za namna hiyo.

Tulimaliza jua likitua, tukaenda nyumbani na furaha. Asubuhi yake mapema tukakuta matone chini ya gari. Mmoja wetu akasema, "Mnaona? Tumeliharibu kwa kuliosha." Kijana akainama, akatazama kwa tochi, akasema, "Hapana, mzee. Tundu lilikuwako siku nyingi. Kutu ndiyo iliyokuwa imeliziba."

Ndugu wapendwa, neno lile lilitupiga. Siku ile ile ilikuwa Jumapili. Tuliingia ibadani, na kabla ya mahubiri tukasimama mbele ya kusanyiko tukasema kwamba kijana alituonya mara tatu, na kwamba tulimsingizia. Tukamwomba msamaha mbele ya wale wale waliomgeukia. Tulidhani yamekwisha. Lakini mama mmoja akasimama nyuma, akauliza kwa upole, "Na zile fedha tulizochanga za injini, wazee, ziliendaje kwenye rangi?"

Kukawa kimya. Mmoja wetu alinong'ona kwamba tusingalikiri, swali lile lisingaliulizwa. Ni kweli. Lakini tundu lilikuwako. Uongo wetu ulikuwa umeliziba tu, kama kutu. Ikatubidi kufungua vitabu vya hesabu, na kila mzee akatoa mfukoni mwake mpaka fedha zile zikarudi. Rejeta nayo ilipelekwa kwa fundi, akaiziba kwa lehemu, tukatia kulanti upya.

Wewe unayetusikiliza asubuhi hii, labda kuna jambo ambalo kwa miaka umekuwa ukiliongezea maji. Umemkosea mke wako, ukamnunulia kitenge bila kusema neno. Umegombana na ndugu yako juu ya mpaka wa shamba, mkasalimiana kanisani kana kwamba hakuna kitu. Gari linatembea, wala hatubishi. Tambarare litatembea. Lakini kilima kipo mbele, na siku ya kilima huenda nyuma kuna mtu amelala juu ya godoro, anakutegemea.

Mfalme Daudi alipoonyeshwa kosa lake hakuomba rangi mpya. Aliomba asafishwe moyoni. Someni Zaburi ya 51 leo jioni pamoja na watu wa nyumbani. Wala msikate tamaa kama maji ya kwanza yatatoka machafu, au kama baada ya kuoshwa mtaona tundu msilolijua. Yeye aoshaye ndiye pia azibaye.

Mnauliza kijana yule alijibu nini siku ile tulipomwomba msamaha? Alisema, "Asanteni, wazee." Ibada ilipokwisha tukamwona nje, amefungua boneti, anaangalia maji. Tukaenda kusimama naye.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe unaona yaliyo ndani yetu chini ya rangi. Utuoshe, hata kama ni mara nyingi. Utupe ujasiri wa kuwasikiliza wadogo wanaotuonya, na kuwarudishia heshima tuliowanyang'anya. Uwalinde wote wasafirio leo, na akina mama wote wanaongojea gari usiku. Amina.